Baba ameiba kondoo, mwana amshitaki au amsitiri? Wanafalsafa wa China ya kale na utulivu wa jamii

#1 — Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mjadala wa falsafa ya China ya kale unapoanzishwa, aghalabu huanza na swali lilelile: je, binadamu huzaliwa mwema au mwovu? Mencius, aliyesema mwema, huwekwa upande mmoja, Xunzi, aliyesema mwovu, upande wa pili, na baada ya hapo watu hugawana kambi mpaka mwisho. Naona swali hilo linatupotezea muda. Jambo lililowatenganisha hasa wanafikra hao, kuanzia karne ya 6 hadi ya 3 KK, ni mahali ambapo utii wa mtu unapaswa kujengwa: nyumbani, kati ya baba na mwana, au nje ya nyumba, kwa amri ya mtawala. Kipimo kizuri cha kuwapambanua ni kesi moja ndogo ya wizi wa kondoo, ambayo waliisimulia na kuisimulia tena kwa zaidi ya miaka 200, kila msimulizi akiumaliza mkasa kwa namna inayomfaa.

Kwanza mazingira. Mwaka 771 KK makao makuu ya magharibi ya wafalme wa Zhou yalivamiwa, mfalme akauawa, na ukoo wake ukahamia mashariki, karibu na Luoyang ya leo. Tangu hapo mfalme alibaki na heshima ya jina na ibada, ilhali nguvu za kweli zilikuwa mikononi mwa mabwana wa dola mbalimbali waliopigana, wakavunjiana mapatano na kumezana, mpaka zikasalia dola kubwa saba, na hatimaye moja, Qin, iliyomaliza kazi mwaka 221 KK. Karibu kila mwanafikra tunayemsoma aliandika au kufundisha huku majeshi yakipita. Ndiyo maana suala la utulivu kwao halikuwa zoezi la darasani.

Sasa kondoo. Katika kitabu cha 13 cha Lunyu, yaani mkusanyo wa maneno ya Confucius (551–479 KK), mtawala wa She, eneo lililokuwa chini ya dola ya Chu, anajisifu mbele ya mwalimu kwamba kwao yuko mtu mnyofu aitwaye Gong, ambaye baba yake alipochukua kondoo wa mwenzake, yeye mwenyewe alitoa ushahidi dhidi ya baba. Confucius anajibu kwamba wanyofu wa kwao si wa namna hiyo: baba humsitiri mwana, mwana humsitiri baba, na unyofu umo humo humo.

Msomaji wa leo atakimbilia kusema kwamba huu ni upendeleo wa kindugu na hakuna zaidi. Lakini soma jibu hilo pamoja na maneno mengine mawili ya kitabu hicho hicho. Katika kitabu cha 2 Confucius anasema kwamba ukiwaongoza watu kwa amri na kuwanyoosha kwa adhabu, wataikwepa adhabu bila kuwa na haya, bali ukiwaongoza kwa mwenendo mwema na kuwanyoosha kwa taratibu za adabu, watakuwa na haya na watajirekebisha wenyewe. Na katika kitabu cha 1 mwanafunzi wake You anasema kwamba ni nadra kumwona mtu anayewatii wazazi na kuwaheshimu wakubwa zake halafu akapenda kuwakaidi viongozi, na kwamba asiyependa kuwakaidi viongozi hajapata kuonekana akianzisha uasi. Kwa hesabu hiyo, kuona haya hufundishwa nyumbani na utii hufundishwa nyumbani. Dola inayomlipa mwana ili amuuze baba yake imepata kondoo mmoja na kupoteza mahali pekee ambapo raia mtulivu hutengenezwa.

Hofu hiyo ilikuwepo hata kabla ya Confucius kufundisha. Mwaka 536 KK waziri Zichan wa dola ndogo ya Zheng aliamuru sheria za jinai zisubiwe kwenye vyungu vya shaba nyeusi, ambavyo kwa kawaida vilitumika katika ibada, ili ziwe hadharani. Rafiki yake Shuxiang, mkubwa wa dola jirani ya Jin, alimwandikia barua kali: watu wakishajua kwamba ipo sheria hawatawaogopa tena wakubwa wao, watashika maandishi na kugombania kila kijineno. Jibu la Zichan ni fupi na mimi naliheshimu kuliko barua yenyewe. Alikiri kwamba hana kipaji cha kuwafikiria wana na wajukuu, na kwamba alifanya hivyo kuwaokoa watu wa zama zake. Mwaka 513 KK Jin yenyewe ikasubu sheria zake kwenye chungu cha chuma, na safari hii aliyelalamika, kwa mujibu wa kitabu cha historia cha Zuozhuan, ni Confucius: watu watakitazama chungu, sasa watawaheshimu wakubwa kwa lipi?

Tuvuke miaka zaidi ya 200. Han Fei, mwana wa ukoo wa kifalme wa dola ya Han, aliyefariki gerezani Qin mwaka 233 KK, anasimulia kisa hicho hicho cha Gong, lakini kwake mwisho umegeuka. Gong anakwenda kumshitaki baba kwa ofisa, na waziri mkuu wa Chu anaamuru Gong auawe, kwa kuwa alikuwa mnyofu kwa mtawala na mkosefu kwa baba. Papo hapo Han Fei anaongeza kisa cha pili, cha mtu wa Lu aliyetoroka vitani mara tatu, na alipoulizwa na Confucius akasema ana baba mzee ambaye hatakuwa na wa kumtunza akifa. Confucius, katika simulizi hiyo, akamsifu na kumpandisha cheo. Matokeo yake, anaandika Han Fei, ni kwamba Chu wahalifu wakaacha kuripotiwa, na Lu watu wakaona wepesi kusalimu amri na kukimbia. Mwana mwema wa baba yake ni askari mtoro wa mfalme wake, na mtawala anayetaka kuwasifu wote wawili hataki kuutazama ukweli.

Hoja yake ya pili ni nzito zaidi. Anamleta kijana mkorofi ambaye wazazi wake humkaripia asibadilike, majirani humlaumu asitikisike, na walimu humfundisha asigeuke. Mapenzi ya wazazi, bidii ya majirani na hekima ya walimu vimeungana na hata unywele mmoja wa mguu wake haujasogea. Halafu anakuja ofisa wa wilaya na askari, akitafuta wahalifu kwa jina la sheria, na kijana anaogopa na kubadilika siku hiyo hiyo. Kama nyumba ingetosha kutengeneza raia, anauliza Han Fei, huyu ametoka wapi?

Naomba tujadili hapo. Nani kati ya hao wawili aliiona hatari iliyo kubwa zaidi?

#2 — Mchangiaji

Ahsante, mwanzisha uzi. Ila umewaweka watu wawili ulingoni kana kwamba uwanja ulikuwa wao peke yao. Wakati Han Fei anaandika, yeye mwenyewe anakiri kwamba mafundisho yaliyovuma ni ya Confucius na ya Mozi. Mozi alikuwa na jawabu lake la machafuko, na halifanani na la yeyote kati ya hao. Tafadhali usimwache.

#3 — Mwanzisha uzi

Ni kweli, na kumwacha Mozi lingekuwa kosa la kuhukumu mtu kwa sababu wafuasi wake walitoweka baada ya Qin.

Mozi aliishi kati ya karne ya 5 na mwanzo wa karne ya 4 KK, baada ya Confucius, na maelezo yake ya chanzo cha machafuko ni sahili: mwizi anaipenda nyumba yake na haipendi nyumba ya jirani, kwa hiyo anaiba, bwana wa dola anaipenda dola yake na haipendi ya mwenzake, kwa hiyo anavamia. Dawa ni kuwajali watu wote bila ubaguzi wa huyu wangu na yule si wangu. Mencius alilitazama fundisho hilo na kusema kwa hasira kwamba ni kumkana baba.

Wasomaji wengi huishia hapo, wakambakiza Mozi kuwa mhubiri mpole wa upendo. Upande wake wa pili ni mgumu. Anasema kwamba kabla ya kuwepo utawala kila mtu alikuwa na maoni yake juu ya lililo sawa, watu kumi maoni kumi, wakaishi kwa kudhuriana kama wanyama, hata baba na mwana, kaka na mdogo wake, wakachukiana. Ndipo akachaguliwa mtu anayestahili kuwa Mwana wa Mbingu, yaani mfalme mkuu, na chini yake mabwana, na chini yao wakuu wa wilaya na vijiji. Kuanzia hapo kila anayesikia jema au baya lazima amwarifu mkubwa wake, na anachosema mkubwa kuwa ni sawa, wote waseme ni sawa. Mozi anaruhusu mkubwa akosolewe akikosea, lakini wajibu wa kuarifu hauna mlango wa nyuma kwa ajili ya baba.

Kwamba wafuasi wake waliliishi fundisho hilo tunalijua kwa kisa kilichomo katika Lüshi Chunqiu, kitabu kilichotungwa Qin mnamo mwaka 239 KK chini ya waziri Lü Buwei. Mkuu wa kundi la Mozi aliyeitwa Fu Tun alikuwa akiishi Qin, na mwanawe akaua mtu. Mfalme Hui akamwambia: wewe ni mzee, huna mtoto mwingine, nimekwisha kuwaagiza maofisa wasimwue, nisikilize katika hili. Fu Tun akajibu kwamba kanuni ya kundi lao inasema aliyeua auawe na aliyejeruhi aadhibiwe, na kwamba mfalme anaweza kuonyesha huruma yake, lakini yeye hana budi kuitekeleza kanuni. Mwana akauawa. Kitabu kinamsifu.

Sijui mtasemaje ninyi. Mimi kila nikikisoma kisa hicho ninaona kwamba mfalme wa Qin, dola iliyosifika kwa ukali wa sheria, alikuwa tayari kusamehe, na aliyekataa msamaha ni mtu aliyehubiri kuwajali watu wote. Anayependa wote sawasawa hana sababu ya kumwokoa aliye wake.

Kwa haki yake niseme pia kwamba huyo huyo Mozi alitembea siku 10 mchana na usiku hadi Chu kuzuia uvamizi wa dola ndogo ya Song. Alimshinda fundi Gongshu Ban katika vita vya kuigiza, kwa mshipi uliowekwa kuwa ukuta wa mji, na akafichua kwamba wanafunzi wake 300 walikuwa tayari juu ya kuta za Song na zana zao. Chu ikaghairi. Aliporudi akipitia Song mvua ilikuwa inanyesha, na mlinzi wa lango la mji aliouokoa akakataa kumpa hifadhi. Hilo nimelileta nje kidogo ya mada, lakini mtu huyo anastahili.

#4 — Mchangiaji

Mimi nasimama upande wa sheria, na sitaanza na Han Fei aliyeandika tu, nitaanza na Shang Yang aliyetenda.

Kuanzia mwaka 356 KK, chini ya Bwana Xiao wa Qin, Shang Yang aliigeuza dola ya pembezoni iliyodharauliwa na wenzake. Kabla ya kutangaza sheria alisimamisha gogo kwenye lango la kusini la soko na kuahidi vipande 10 vya dhahabu kwa atakayelihamishia lango la kaskazini. Watu wakashangaa, hakuna aliyejitokeza. Akapandisha hadi 50. Mtu mmoja akalihamisha, akalipwa papo hapo. Hakuna ibada wala mahubiri hapo, kuna neno la serikali lililotimizwa mbele ya macho ya watu.

Kisha mrithi wa kiti alipovunja sheria, Shang Yang alisema kwamba sheria hazishiki kwa sababu wakubwa ndio wanaozivunja. Mrithi mwenyewe hakuweza kuadhibiwa, kwa hiyo waliadhibiwa walezi wake wawili, mmoja wao akachorwa chale za aibu usoni. Kesho yake watu wa Qin wakaitii sheria. Nionyesheni mwalimu wa adabu aliyethubutu kugusa nyumba ya mfalme kiasi hicho. Kumsitiri baba kunasikika vizuri baba akiwa ameiba kondoo mmoja. Baba akiwa waziri na alichoiba kikiwa ghala la nafaka, anayeumia ni mtoto wa mtu mwingine.

#5 — Mwanzisha uzi

Hoja ya ghala la nafaka ni nzuri na sitaikwepa. Lakini tuitazame Qin kwa makini, maana imani kwamba Qin ilisimama juu ya sheria tupu, bila kuutegemea ukoo, haipatani na ushahidi.

Shang Yang alizipanga kaya katika makundi ya tano na ya kumi, zichungane na kuadhibiwa pamoja. Asiyeripoti mhalifu alikatwa vipande viwili kiunoni, na aliyeripoti alipewa tuzo sawa na ya askari aliyeleta kichwa cha adui. Kaya yenye wanaume wazima wawili au zaidi wasiotengana ilitozwa kodi maradufu. Nyumba kubwa ilikuwa inavunjwa makusudi. Lakini tazama adhabu ya pamoja inavyofanya kazi: inatisha kwa sababu mtu anaipenda familia yake. Asiyejali mkewe na wanawe hatishiki kwa kuambiwa kwamba nao watapelekwa utumwani. Serikali hiyo ilikuwa inachota nguvu kwenye kisima ambacho wakati huo huo ilikuwa inakifukia.

Mwisho wa Shang Yang mnaujua. Bwana Xiao alipofariki mwaka 338 KK na mrithi yule akashika kiti, Shang Yang alikimbia, akafika mpakani usiku na kuomba chumba. Mwenye nyumba ya wageni, asiyemjua, akamwambia kwamba sheria ya Bwana Shang inamwadhibu anayempokea mgeni asiye na kibali. Hatimaye aliuawa, mwili wake ukararuliwa kwa magari ya farasi, na familia yake yote ikaangamizwa. Kisa cha nyumba ya wageni tunacho kwa kalamu ya Sima Qian, aliyeandika wakati wa ukoo wa Han uliotawala baada ya Qin (si dola ya Han ya Han Fei) na hakuwa na huruma na Shang Yang, kwa hiyo kipokeeni kwa tahadhari.

Ushahidi ulio imara zaidi ulitoka ardhini. Mwaka 1975, huko Shuihudi katika mkoa wa Hubei, wachimbaji walifungua kaburi la ofisa mdogo wa Qin aliyeitwa Xi, aliyefariki mnamo mwaka 217 KK, miaka minne tu baada ya China kuunganishwa. Alikuwa amezikwa na vipande zaidi ya 1,000 vya mianzi vyenye sheria na maelezo ya sheria alizozitumia kazini. Humo tunasoma kwamba baba anayechukua mali ya mwanawe hahesabiwi kuwa mwizi. Tunasoma pia kwamba bwana wa nyumba akimwua, akimkata kiungo au akimnyoa mtoto wake au mtumwa wake bila idhini, mashitaka ya mtoto au mtumwa dhidi yake yasisikilizwe, na aking'ang'ania kushitaki, mwenye hatia ni yeye aliyeshitaki. Hii ni Qin, nyumbani kwa watu wa sheria, ikimlinda baba kwa namna ambayo Confucius mwenyewe hakuifikia, kwani yeye alizungumzia kondoo, hakuzungumzia roho ya mtoto.

Maandishi hayo yanarekebisha pia mambo mengine tuliyozoea kuyarudia. Sima Qian anasema kwamba Chen Sheng na Wu Guang waliasi mwaka 209 KK kwa sababu mvua iliwachelewesha wakiwa na wenzao 900 njiani kwenda kulinda mpaka, na kuchelewa adhabu yake ilikuwa kifo. Mianzi ya Xi, katika sheria ya kazi za lazima, inataja karipio kwa kuchelewa siku 3 hadi 5, faini ya ngao moja kwa siku 6 hadi 10, na ya vazi moja la vita kwa zaidi ya siku 10. Huenda sheria ilibadilika baadaye, au askari wa mpakani walikuwa na kanuni kali zaidi. Hata hivyo ukali wa Qin ulikuwa na mahesabu ndani yake kuliko masimulizi ya maadui zake yanavyotuonyesha, na katika hilo nakubaliana na ndugu wa #4.

#6 — Mchangiaji

Nashangaa kwamba mmefika hapa bila kumtaja Laozi, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa falsafa ya Dao. Kitabu kinachobeba jina lake kinasema, sura ya 57, kwamba kadiri amri na sheria zinavyoongezeka ndivyo wezi wanavyozidi. Sura ya 18 inasema kwamba ni ndugu wanapokosa kuelewana ndipo maneno ya utii kwa wazazi yanapoanza kusikika. Kwa hiyo Confucius na Shang Yang wote wawili ni waganga waliofika baada ya ugonjwa kuletwa na waganga wengine. Na Zhuangzi, wa falsafa hiyo hiyo, anamaliza kabisa: aibaye kishikizo cha mkanda huuawa, aibaye dola huwa bwana, na malangoni pa mabwana ndipo wema na haki vinapokaa. Mwulizeni huyo kuhusu kondoo.

#7 — Mwanzisha uzi

Zhuangzi kweli ni dawa chungu kwa kila mtu anayeandika juu ya utulivu, nikiwemo mimi. Lakini sioni kama ametupa namna ya kuendesha hata kijiji kimoja, wala sidhani alitaka. Laozi anatupa picha katika sura ya 80: nchi ndogo, watu wachache, wanasikia mbwa na majogoo wa nchi jirani na wanazeeka bila kutembeleana. Katika China ya karne ya 3 KK, ambapo jeshi la dola moja lingeweza kuhesabu askari kwa maelfu na maelfu, picha hiyo haikuwa na mlinzi.

Jambo la kuangalia zaidi ni aliyemsoma Laozi kwa bidii. Han Fei aliandika sura mbili za kufafanua maneno yake, na akachukua kutoka kwake wazo la mtawala asiyetenda, anayeficha anachopenda na anachochukia ili watumishi wasipate pa kumshikia. Katika kisa chake cha Bwana Zhao wa Han, bwana amelala kwa ulevi, mtunza kofia anamwonea huruma na kumfunika vazi, naye akiamka anamwadhibu mtunza mavazi kwa kutofanya kazi yake na mtunza kofia kwa kufanya isiyo yake. Baridi ni mbaya, anaeleza Han Fei, lakini mtumishi kuvuka mipaka ya kazi yake ni kubaya zaidi. Utulivu wa Laozi umehamia kwenye uso wa mfalme, na wengine wote wamebaki na hofu.

Sasa nimrudie Mencius, kwa sababu yeye ndiye aliyeibeba kesi ya kondoo hadi juu kabisa. Mwanafunzi wake Tao Ying alimwuliza: Shun, mfalme mwema wa masimulizi ya kale, ni Mwana wa Mbingu, Gao Yao ndiye hakimu wake, halafu baba yake Shun anaua mtu. Ifanyweje? Mencius anajibu kwamba hakimu amkamate, basi. Shun hatamzuia? Atamzuiaje, anasema Mencius, wakati hakimu ameipokea mamlaka hiyo kihalali? Basi Shun atafanya nini? Ataitupa himaya kama mtu anavyotupa ndara chakavu, atambeba baba yake mgongoni kwa siri, watakimbilia ufukwe wa bahari, na huko ataishi kwa furaha maisha yake yote akiwa ameisahau himaya.

Ndugu wa #4, hapa ndipo lilipo jibu la ghala lako la nafaka, au jibu lililo karibu zaidi kupatikana upande huu. Mencius hamruhusu mfalme kukitumia kiti kumlinda baba. Anayetaka kumsitiri wake na atoke kwanza kwenye ofisi ya umma, apoteze kila alichokuwa nacho. Sheria inabaki nzima na mwana anabaki mwana. Gharama ni kwamba watu wamempoteza mfalme bora waliyepata kuwa naye, na familia ya aliyeuawa haitajwi hata kwa neno moja. Mencius mwenyewe ndiye aliyesema pia kwamba watu wasio na riziki ya kudumu hawawezi kuwa na moyo wa kudumu, na kwamba kuwaacha wafikie uhalifu kwa njaa halafu kuwaadhibu ni kuwatega kwa wavu. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mwizi wa kondoo angeuliza shamba lake lilikwenda wapi.

Xunzi nitampitia upesi. Kwake ugomvi unatoka kwenye matamanio yasiyo na mipaka mbele ya vitu vyenye mipaka, na wafalme wa kale waliweka taratibu za adabu ili kila mtu ajue fungu lake. Alifika Qin akawasifu maofisa wake kwa kutokuwa na magenge wala njama, na watu wake kwa unyenyekevu, kisha akasema kinachokosekana ni wasomi wa mwenendo wa Confucius. Wanafunzi wake wawili mashuhuri, Han Fei na Li Si aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Qin, walichukua sifa wakaacha lawama.

#8 — Mchangiaji

Nimefuata uzi wote kwa makini. Swali langu ni la mtu wa kawaida: mwishoni nani alishinda? Wachina waliishi kwa sheria ya nani?

#9 — Mwanzisha uzi

Kwa maneno, alishinda Confucius. Kwa matendo ni hadithi ndefu kidogo.

Liu Bang, mwanzilishi wa ukoo wa Han, alipoingia katika makao makuu ya Qin mwaka 206 KK alitangaza vifungu vitatu tu: aliyeua auawe, aliyejeruhi na aliyeiba waadhibiwe. Hazikuchukua muda sheria za Qin, nyingi kati yake, zikarudi kwa jina la Han, maana himaya haiendeshwi kwa vifungu vitatu. Mwaka 66 KK Mfalme Xuan alitoa amri iliyoikata kesi ya kondoo: mwana akimficha mzazi, mke akimficha mume, mjukuu akimficha babu au bibi, wasishitakiwe. Mzazi akimficha mwana, au mume akimficha mke, na kosa likiwa la kifo, shauri lipelekwe juu kwa jaji mkuu. Amri yenyewe inaeleza kwamba mapenzi kati ya baba na mwana ni ya asili na mtu hufa kwa ajili yake. Huyo huyo Xuan, mrithi wake alipomwomba awape nafasi zaidi wafuasi wa Confucius na apunguze adhabu, alimjibu kwa ukali kwamba ukoo wa Han una mfumo wake, unaochanganya nguvu na wema, na kwamba ataiharibu nyumba yao. Mfalme mmoja, ndimi mbili, na sidhani aliona mgongano wowote.

Mpango huo ulikomaa katika Sheria ya Tang ya mwaka 653, yenye vifungu 502. Ndugu wanaokaa pamoja waliruhusiwa kusitiriana bila adhabu. Mwana aliyemshitaki baba au mama yake hakusifiwa tena unyofu kama Gong; alinyongwa, na tendo lake lilihesabiwa miongoni mwa maovu kumi makubwa. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na uzio: haikugusa njama za uasi na uhaini. Kwa kondoo, kwa nafaka, hata kwa mauaji, msitiri baba yako. Kwa kiti cha mfalme, mtoe. Hapo Han Fei amekaa kimya ndani ya sheria iliyoandikwa kwa wino wa Confucius, na kwa maoni yangu amekaa mahali pale pale alipopataka.

Karne ya 20 ilizifungua tena hesabu. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao Zedong vijana walihimizwa kuwafichua wazazi wao, na katika kampeni ya miaka ya 1973 na 1974 dhidi ya Confucius na Lin Biao, jenerali aliyewahi kuwa mrithi mteule wa Mao, Shang Yang, Han Fei na mfalme wa kwanza wa Qin walisifiwa rasmi kuwa wapenda maendeleo. Kisha mwaka 2012 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya China ilirekebishwa, ikasema kwamba mke au mume, wazazi na watoto wa mshitakiwa hawawezi kulazimishwa kufika mahakamani kutoa ushahidi. Magazeti mengi yalitangaza kwamba Confucius amerudi. Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, imebakiza kifungu kinachosema kila anayejua habari za kesi ana wajibu wa kutoa ushahidi, na Sheria ya Jinai inayomwadhibu anayemficha mhalifu haikumtenga ndugu. Maelezo ambayo ndugu ameyatoa kwa polisi yanaweza kusomwa mahakamani akiwa hayupo, kwa hiyo mshitakiwa anaweza kutiwa hatiani kwa maneno ya mwanawe bila kupata nafasi ya kumwuliza swali hata moja, jambo ambalo wanasheria wa huko wamelilalamikia tangu marekebisho hayo yapitishwe.